Mweka Hazina wa Msikiti, Usichanganye Mifuko

Nimekuwa mweka hazina wa msikiti mmoja hapa Mombasa kwa miaka 11, na kwa wenzangu mlioshika funguo za masanduku kama yangu nina ushauri mmoja: kila fedha ibaki katika mfuko wake, hata siku ambayo mfuko mmoja umejaa na mwingine hauna kitu.

Nililijua hili kwa kukosea. Katika Ramadhani ya mwaka wangu wa pili pampu ya kisima iliharibika, maji ya kutawadhia yakakatika, na sanduku la matumizi ya msikiti lilikuwa na shilingi 600. Sanduku la zaka lilikuwa limejaa, kwa kuwa wafanyabiashara wetu wengi huitoa zaka yao mwezi huo. Nikachukua shilingi 18,000, nikamlipa fundi, nikaandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa daftari: “Zitarudishwa Ijumaa.” Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Usiku wa kuamkia Idi akaja kijana aliyetumwa na dada yake, mjane aliyekuwa edani, yaani katika muda wa kungoja baada ya kufiwa na mumewe, na anayedaiwa kodi ya miezi mitatu, nami nikampa nusu ya alichohitaji kwa sababu ndicho kilichokuwapo. Shekhe wetu alipolipitia daftari aliweka kidole juu ya ule mstari wa risasi, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Hizi uliziazima kwa ruhusa ya nani?” Sikuwa na la kumjibu. Tulimaliza kuzirejesha Mfunguo Nne.

Zaka si mali ya msikiti. Aya ya 60 ya Sura ya Tawba imetaja mafungu 8 ya wanaostahiki, wakiwamo mafakiri, masikini na wenye madeni, na wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamesema kwamba kujenga au kukarabati msikiti hakumo. Kadhi Abu Yusuf, alipomwandikia Khalifa Harun al-Rashid Kitab al-Kharaj katika karne ya 8, alimtaka asichanganye kharaji, yaani ushuru wa ardhi, na mali ya zaka, kwa sababu kharaji ni ya Waislamu wote na zaka ni ya wale waliotajwa katika aya hiyo. Ikiwa mwenye hazina ya Baghdad aliambiwa hivyo, mimi mwenye masanduku manne ya bati sina udhuru.

Wakf nao, yaani mali iliyozuiwa ili mapato yake yatumike kwa heri, una hukumu yake. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake; ndiyo maana nyumba ya wakf haiuzwi, na kodi yake hufuata sharti la aliyeiweka. Mji wetu una nyumba nyingi za namna hii, na kosa ninaloliona mara kwa mara linaniuma: kodi ya nyumba iliyowekewa madrasa inanunuliwa tende za futari, huku paa la nyumba yenyewe linavuja. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wameutanguliza ukarabati wa wakf kabla ya kugawa mapato yake, kwani nyumba ikianguka hakuna tena cha kugawa.

Pesa zikiingia kwa M-Pesa bila maelezo, mpigie mtumaji siku hiyo hiyo umuulize nia yake, maana baada ya wiki huenda mwenyewe amesahau. Kila sanduku liwe na daftari lake, na lifunguliwe mbele ya watu wawili. Zawadi ya mtoaji zaka usiipokee, hata ikiwa kanzu ya Idi. Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume kukusanya zaka, aliporudi akasema, “Hizi ni zenu, na hizi nimezawadiwa mimi,” Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama angeletewa zawadi.

Na haja ya msikiti ikizuka, iseme wazi. Pampu ile ilikufa tena mwaka juzi. Baada ya sala ya Ijumaa tulitangaza bei ya fundi na ya vipuri, tukaonyesha na karatasi ya makadirio. Kabla ya Alasiri fedha zilikuwa zimetimia, na sanduku la zaka halikuguswa.