Amevunjika taya, au "amepata mvunjiko"?

Msomaji wa Mbalizi, Mbeya, ameleta ugomvi wa ukoo. Mdogo wake kaanguka na bodaboda mteremkoni, kakimbizwa hospitali, na jioni ndugu mmoja msomi akaandika kwenye kundi lao la simu: "Kijana amepata mvunjiko wa taya, kesho atafanyiwa zoezi la upasuaji wa urekebishaji." Mjomba akajibu: "Sema amevunjika taya, tuelewe." Wakabishana mpaka usiku. Msomaji anauliza nani yuko sahihi, na kama haikupasa kuwa "taya lake limevunjika."

Mjomba yuko sahihi. Kwa Kiswahili, mwenye kiungo ndiye anayevunjika: amevunjika mguu, ametenguka bega, amekatika kidole, ameng'oka jino. "Taya lake limevunjika" si kosa, na daktari aliyeinua picha ya eksirei dirishani atasema hivyo, kwa kuwa wakati huo anazungumzia mfupa. Ndugu wanamzungumzia kijana. Swali limekwisha.

Sasa huyo msomi. "Amepata mvunjiko"! Hongera zake, wengine tunahangaika hata kiwanja hatupati. Najua utanijibu kwamba tunapata ajali na tunapata homa. Hayo yameshaota mizizi, siyang'oi. Ninachokataa ni hii tabia ya kuchukua kitenzi kizima chenye afya, kukikausha kiwe nomino, kisha kukitafutia "kupata" au "kufanyiwa" kikikongojee. Kupasuliwa kumekuwa kufanyiwa upasuaji, kuungwa kumekuwa urekebishaji, na juu ya yote tumebandika "zoezi." Zoezi la upasuaji! Daktari anajifunzia kwa kijana wa watu?

Hasara yake si ya masikio tu. Viambishi vya kitenzi cha Kiswahili vinabeba habari ambayo nomino inaimwaga njiani, na taya ni shahidi mzuri. Chukua mfupa uliovunjika penye kona, pale chini ya sikio taya linapopinda kuelekea kidevuni. Pana udhaifu pale, hasa kama gego la mwisho limejificha ndani. Mgonjwa akijaribu kung'ata kwa meno ya mbele, misuli ya kutafuna inavuta kipande cha nyuma kwenda juu, na kung'ata kunasukuma kipande cha mbele kwenda chini. Basi kwenye ufa, ukingo wa juu, upande wa meno, panaachana. Ukingo wa chini panabanana. Achana, banana: tazama -ana inavyokuonyesha vipande viwili na wanavyofanyiana. Andika "mvunjiko wa kona ya taya" uone kama utajua kipi kinakwenda wapi.

Na kujua hilo ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1978 daktari wa upasuaji Maxime Champy na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, walichapisha ramani ya mahali pa kuweka vibamba vidogo vya metali vya kuunga mfupa kwenye taya la chini, na msingi wao ulikuwa huohuo: zuia panapoachana, panapobanana patajishikilia. Kwa hiyo kwenye kona kibamba kimoja chembamba, kikikaa juu, kinaweza kutosha, na skrubu zake fupi zinashika ganda la nje la mfupa tu, zisije zikatoboa mizizi ya meno au mshipa wa fahamu upitao ndani. (Skrubu kamusini ni parafujo, tuliyoachiwa na Mreno. Nenda Mwanjelwa ukaulize parafujo, unisimulie.) Mbele, kwenye kidevu, mambo yanageuka: hapo taya linasokotwa pia, ndiyo maana huwekwa vibamba viwili, kimoja juu ya kingine. Vipande vikigusana vizuri, mfupa na kibamba husaidiana kubeba mzigo. Mfupa ukisagika vipandevipande, hakuna wa kusaidiana naye; linatakiwa bamba nene libebe peke yake. Saidiana, beba, sokotwa. Nipe "urekebishaji" mmoja unaosema hayo.

Kuna na "amevunjwa taya," ambayo jirani zetu wanaitumia ovyo. Amevunjwa maana yake yupo aliyemvunja, na huyo atatafutwa. Usiitamke mbele ya askari anayejaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kama kijana alianguka mwenyewe. Amevunjika haimtaji mtu, wala haisemi pigo lilitua wapi, na kwa taya hilo ni jema: mtu huanguka kidevu kikagonga lami, akavunjika shingo ya taya, karibu na sikio, mahali ambapo hapakuguswa na kitu.

Msomaji ameongeza kwamba nesi kasema kijana "atafungwa mdomo," na mama yake analia. Mwambieni mama mdomo haufungwi. Yanafungwa meno, ya juu kwa ya chini, kwa waya, ili yaumane kama yalivyokuwa kabla ya ajali, kwani meno yasipoumana sawa, mfupa hata ukiunga vizuri kutafuna ni taabu. Wengine hufungwa kwa muda tu humo chumba cha upasuaji, vibamba vikishakazwa waya hutolewa. Wasiowekewa vibamba hukaa nazo kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Midomo inafunguka, uji unapita kwa mrija, na malalamiko yanapita bila mrija.

"Mvunjiko" wenyewe siufukuzi. Ukae kwenye kichwa cha sura ya kitabu cha tiba, "Mivunjiko ya taya," hapo umetulia na haumsumbui mtu. Na wale mnaosema "taya imevunjika," kuanzia Tukuyu hadi Makambako: ni limevunjika, taya ni la li- na ya-. Nimeshalisema hili hadi taya langu limechoka, semeni mnavyotaka.