Maswali ya Wasomaji: Pete ya Uchumba Isiyomwingiza Mtu Kwenye Madeni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 29, na mshahara unaonifikia mkononi baada ya makato yote ni shilingi 650,000. Barua yangu ya posa imepokelewa vizuri kwa wazazi wa mchumba wangu, ambaye ni muuguzi wa wodini, na mshenga ametuletea habari kwamba kikao cha mahari kitakaa baada ya miezi miwili. Mahari baba zangu wadogo wamekubali kunishika mkono. Mbali na hiyo, nina akiba ya shilingi 1,200,000. Kinachonisumbua ni pete. Rafiki zangu wanasema mwanamume makini hutoa mshahara wa miezi miwili au mitatu, na duka moja la mjini limenionyesha pete ya almasi ya shilingi 2,800,000. Mwenzangu mmoja yuko tayari kunipeleka kwa wakopeshaji wanaotoa pesa siku hiyo hiyo. Naogopa kukopa, lakini naogopa pia kuonekana bahili mbele ya wakwe. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa posa kupokelewa.

Nianze na hiyo kanuni ya mshahara wa miezi miwili, kwa sababu inaelekea ndiyo inayokunyima usingizi. Haikutoka kwa wazee wetu, wala haimo katika kitabu chochote cha dini. Ilitoka katika matangazo ya biashara. Kampuni ya De Beers, iliyokuwa imeshika soko la almasi la dunia, iliajiri wakala wa matangazo nchini Marekani mwaka 1938 ili kuwafanya vijana waone kwamba uchumba bila almasi haujakamilika, na kufikia miaka ya 1980 matangazo hayo yalikuwa yanamwambia mwanamume wazi kabisa kuwa mshahara wa miezi miwili si kitu kikubwa kwa pete inayodumu milele. Wajapani waliambiwa miezi mitatu. Kwa hiyo aliyepanga kiwango hicho ndiye aliyekuwa anauza almasi, jambo ambalo halina tofauti na mwenye bucha kukupangia kilo za nyama za kununua kila wiki. Na tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya mbali nasi: mgodi wetu wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, baada ya kifo chake mwaka 1958 uliuzwa kwa De Beers hiyo hiyo pamoja na serikali ya Tanganyika ya wakati huo.

Kuhusu wakopeshaji wa siku hiyo hiyo, ambao mitaani wanaitwa kausha damu, na jina hilo hawakulipata bure, nitasema neno moja tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu kudai mahakamani zawadi aliyoitoa kwa sharti la ndoa ikiwa ndoa haikufungwa, lakini uchumba uvunjike au udumu, mkopeshaji atadai riba yake tarehe ile ile. Usiende huko.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kuihesabia pete ya uchumba kana kwamba inakuja peke yake. Ikiwa ndoa yenu itafungwa kanisani, mbele yako kuna pete tatu: hii ya uchumba na mbili za ndoa, na hizo mbili zitakuja wakati kamati ya harusi imekwisha kukubana kwa ukumbi, mapambo na chakula. Zaidi ya hayo, akiba ya 1,200,000 ndiyo pesa pekee unayoweza kuishika usiku mtu wa nyumbani akiugua. Kwa mshahara wako, mimi ningeweka ukomo wa shilingi 600,000 kwa pete ya uchumba, yaani nusu ya akiba na pungufu ya mshahara wa mwezi mmoja, na nisingevuka hapo hata muuzaji akiniapia. Nusu inayobaki iache ilipo.

Je, shilingi 600,000 zinaweza kununua pete ya heshima? Zinaweza, ila lazima ujue unanunua nini. Dhahabu safi ni ya karati 24, lakini ni laini mno kwa pete ya kila siku, hivyo sonara huichanganya na shaba, madini ya fedha au metali nyingine. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 75 kati ya 100 za dhahabu safi na hupigwa mhuri wa 750 kwa ndani. Ya karati 14 ina sehemu 58.5 na mhuri wake ni 585. Ya karati 9 ina sehemu 37.5 na mhuri wake ni 375. Bei ya dhahabu hubadilika kila siku, kwa hiyo ulizia bei ya gramu asubuhi ya siku unayokwenda, kisha ufanye hesabu mwenyewe kwa kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, gramu moja ya dhahabu safi ni shilingi 300,000. Pete ya karati 18 yenye uzito wa gramu 3 ina gramu 2.25 za dhahabu safi, ambazo ni shilingi 675,000 kabla hujalipia ufundi wala kito. Imekwisha kukuvuka. Pete ya karati 14 yenye gramu 2.5 ina dhahabu ya takriban shilingi 439,000, na inakuachia nafasi ya kumlipa fundi na kununua kito kidogo. Ya karati 9 yenye gramu 3 inabeba dhahabu ya shilingi 337,500. Ukifika dukani ukiwa na hesabu hizi, ukaomba pete iwekwe kwenye mizani mbele yako, mazungumzo ya bei yatabadilika mara moja, kwa sababu muuzaji atalazimika kukueleza hiyo tofauti iliyobaki ni ya nini.

Mimi kwako ningechagua karati 14. Ni ngumu kuliko ya 18, kwa hiyo haikwaruziki wala kupinda upesi, na rangi yake bado ni ya dhahabu. Ukishaichagua, kumbuka kuagiza pete yake ya ndoa kwa karati hiyo hiyo, kwa kuwa pete mbili zikikaa kidole kimoja zikisuguana miaka nenda rudi, iliyo laini zaidi ndiyo inayolika.

Lakini kabla ya karati na gramu, umeandika neno moja ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: mchumba wako ni muuguzi wa wodini. Mikono yake inanawa maji na sabuni mara nyingi kwa zamu moja, inavaa glovu na kuzivua, inanyanyua wagonjwa. Pete yenye kito kilichoinuliwa juu kwa makucha marefu itamchania glovu, itanasa kwenye shuka, na itahifadhi uchafu chini ya kito, ndiyo maana hospitali nyingi huwazuia wauguzi kuvaa pete zenye vito wanapomhudumia mgonjwa. Ile pete ya 2,800,000 ingeishia kwenye kisanduku kabatini siku tano kati ya saba. Mwambie sonara akizamishe kito ndani ya dhahabu, ukingo wa dhahabu ukizunguke pande zote na uso wake uwe karibu sawa na mgongo wa pete. Siku ambazo kazi hairuhusu pete kabisa, mnunulie mkufu mwembamba wa kuitundika shingoni, chini ya sare.

Kito chenyewe ukichague kwa ugumu wake, uzuri ufuate. Wataalamu hupima ugumu kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, na almasi iko juu kabisa. Vumbi la kawaida la barabarani lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kito chochote kilicho chini ya hapo kitafifia taratibu kwa kufutwafutwa tu. Najua wengi watakushauri tanzanaiti, nami naipenda kwa sababu haichimbwi popote duniani isipokuwa Mirerani, ambako iligunduliwa mwaka 1967, lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7, na hupasuka kwa pigo au kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Ifanye hereni au kidani, usiipeleke wodini. Yakuti, iwe nyekundu au ile ya buluu inayochimbwa Tunduru na bonde la Umba, ina ugumu wa 9. Spineli ina 8, na wewe uko jirani nayo, maana spineli nyekundu na za waridi za Mahenge, mkoani kwako, zinatafutwa na masonara wa Ulaya na Asia. Zile kubwa zenye rangi kali huwezi kuzisogelea kwa bei, ila kipande kidogo chenye rangi ya waridi iliyopoa kinaweza kuingia ndani ya ukomo wako, na utakuwa na hadithi ya kumsimulia mkwe wako: kito hiki kimetoka mkoani hapa hapa.

Ukiona roho yako haitulii bila almasi, chukua ndogo. Uzito wa vito hupimwa pia kwa karati, jambo linalowachanganya wengi, ila hii ni karati nyingine: moja ni sawa na gramu 0.2. Almasi ya mviringo yenye karati 0.10 ina upana wa karibu milimita 3, na ikizamishwa vizuri kwenye dhahabu inaonekana bila kupiga kelele. Zipo pia almasi zinazooteshwa maabara, ambazo ni almasi kweli kwa maana ya kikemia na kwa ugumu, na bei yake imeshuka sana miaka hii; sharti langu ni moja, kwamba umwambie mchumba wako ni ya maabara na usitegemee kuiuza baadaye kwa bei uliyonunulia.

Nenda kwa sonara mwenye duka la kudumu, si kwa mtu anayekuonyesha pete kwenye kiganja stendi. Akupe risiti inayotaja uzito wa pete, karati ya dhahabu, aina ya kito na bei ya kila kimoja. Namba ya kidole ipate kwa dada yake, au azima pete anayoivaa kidole hicho hicho, na upime jioni badala ya asubuhi, kwa kuwa vidole huvimba kidogo kwa joto la mchana. Pete ikizidi kidogo hupunguzwa. Lakini pete iliyozungushiwa vito pande zote hairekebishiki kirahisi, kwa hiyo iepuke.

Na wakwe? Wakwe, mwanangu, watakaa kwenye kikao cha mahari, na mahari hiyo baba zako wadogo wameibeba pamoja nawe. Sijapata kuona mjomba wa bibi harusi akitoa mizani mfukoni ili kupima pete.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Mombasa. Mchumba wangu alinivisha pete miezi mitano iliyopita mbele ya dada zangu, akisema ni dhahabu ya karati 18. Sasa kidole kinabaki na alama ya kijani na upande wa chini wa pete umekuwa mwekundu. Sonara mmoja ameniambia ni ya kuchovya. Sijamwambia mchumba. Je, nimwambie, au nivae tu?
Mwenye Kidole cha Kijani, Mombasa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwambie, lakini mkiwa wawili tu, wala habari isitangulie kwa dada zako.

Anza kwa kumwomba risiti, usianze kwa kumshtaki. Huenda yeye ndiye aliyetapeliwa, kwa sababu pete ya shaba iliyochovywa dhahabu ikiwa mpya haina tofauti kwa macho, na mhuri wa 750 mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuupiga. Sonara wa pili aisugue kwenye jiwe la kupimia na kuidondoshea tindikali mbele yenu wote wawili, na jibu mtalipata papo hapo. Ikiwa alilipa bei ya karati 18, mna haki ya kurudi dukani na risiti mkononi.

Ikiwa alijua, basi sikiliza sababu yake kabla ya kukasirika. Mara nyingi kijana wa namna hiyo alikuwa na pesa ya pete ya fedha, akaona haya kuisema. Mweleze kwamba pete ya madini ya fedha yenye mhuri wa 925, yaani sehemu 92.5 kati ya 100 za fedha safi, ungeivaa kwa furaha. Hiyo nayo huingia weusi, ila inasafishwa kwa kitambaa ikarudi kung'aa, na kwa kawaida haiachi kijani kidoleni. Marehemu mume wangu alinivisha ya namna hiyo, nami niliivaa miaka kumi na moja kabla hatujaongeza ya dhahabu.

Msiipeleke hiyo ya sasa kuchovywa tena, kwa maana baada ya miezi michache utakuwa umerudi ulipo. Kaeni mkubaliane kiasi mnachoweza bila kukopa, kisha mwende kwa sonara pamoja, na wewe mwenyewe uishike mizani kwa macho.