Jirani amekubali niongeze chumba nyuma ya nyumba. Bado nahitaji kibali cha halmashauri?

SWALI: Tunaishi Leicester, kwenye nyumba inayoshikana ukuta na ya jirani upande mmoja. Mwenye nyumba wa zamani aliongeza jiko la mita 2 nyuma. Nataka kusogea mita 3 zaidi kisha nizunguke kona hadi ubavuni, nipate chumba cha chini cha mama yangu, ambaye hawezi tena kupanda ngazi. Fundi anasema mita 3 haziombewi kibali, na jirani amekubali kwa mdomo. Tuanze?

JIBU: Msianze, ndugu yangu. Fundi anaijua sheria, ila amepima kuanzia pasipo pake. Hapa England nyumba iliyoshikana na nyingine inaruhusiwa nyongeza ya nyuma isiyo na ghorofa, hadi mita 3, bila kuomba kibali. Lakini mita hizo huhesabiwa kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba ya asili: jinsi ilivyojengwa, au ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948 kama ni ya zamani zaidi. Lile jiko limo kwenye hesabu, kwa hiyo yako ni mita 5. Ipo njia nyepesi ya idhini ya awali, ambayo kwa nyumba kama yako hufika mita 6, lakini ukizunguka kona upana utazidi nusu ya upana wa nyumba ya asili, na hapo njia hiyo inafungwa. Omba kibali kamili.

Neno la jirani ni jema, ila halmashauri haifungwi nalo. Itawaandikia majirani au kubandika tangazo, na kuwapa siku 21 za kutoa maoni. Afisa mipango ataangalia mwanga, faragha na ukubwa wa jengo. Malalamiko kwamba bei ya nyumba ya jirani itashuka hayana uzito. Mita 5 kando ya mpaka mnaoshikana ndizo zinazonitia wasiwasi. Halmashauri nyingi huchora mstari wa nyuzi 45 kutoka dirisha la jirani, na jengo likiuvuka sana, maombi huwa hatarini. Ningekushauri ufupishe upande ule na kukisukuma chumba cha mama ubavuni. Hali yake ya kiafya ieleze kwa barua, bila kuitegemea peke yake. Onyesha pia kwamba chumba kinafunguka ndani ya nyumba, kisionekane ni makazi ya kupangisha.

Maombi hupelekwa kupitia tovuti ya Planning Portal. Utahitaji ramani ya eneo ya kipimo cha 1:1250, kiwanja kikizungushiwa mstari mwekundu, ramani ya kiwanja ya 1:500 au 1:200, na michoro ya nyumba ilivyo na itakavyokuwa, ya 1:100 au 1:50. Kwenye tamko la umiliki watu wengi huchagua A, yaani ardhi yote ni yangu, bila kufikiri. Kama msingi au mfereji wa paa utaingia kwa jirani hata sentimita chache, la kuchagua ni B, yaani sehemu ya ardhi ni ya mtu mwingine, na jirani apewe notisi rasmi.

Ada ya kupanua nyumba iliwekwa paundi 528 Aprili 2025, na hupandishwa mara kwa mara, basi itazame siku unayotuma. Uamuzi unatakiwa ndani ya wiki 8, zikihesabiwa tangu maombi yaliyokamilika yapokelewe. Afisa akikupigia kutaka upunguze kitu, mjibu upesi, kwa sababu tangu Desemba 2023 kuomba upya baada ya kukataliwa si bure tena. Rufaa haina ada, nawe una wiki 12.

Kibali kikitoka, kazi ianze ndani ya miaka 3. Ukaguzi wa kanuni za ujenzi unaombwa kando. Vivyo hivyo sheria ya ukuta wa pamoja ya 1996: jirani apate barua mwezi 1 kabla ya kuchimba msingi karibu na nyumba yake, na miezi 2 ikiwa mtaugusa ukuta wenyewe.