Ngozi Si ya Saa Nane Mchana: Kwa Wanaoanza Kuongoza Wageni Mbeya

Wadogo zangu, mgeni wa Mbeya si mgeni wa Kilimanjaro. Hilo ningependa mtu aniambie mwaka wangu wa kwanza, kabla sijajifunza kwa kuumiza watu.

Anayekwenda Kilimanjaro amejiandaa miezi, ana buti, ana koti, na nyuma yake kuna kampuni iliyomhesabia hadi soksi. Wa kwetu ni mwalimu aliyekuja semina ya siku tatu. Ni mwanafunzi wa chuo mwenye Jumamosi moja, au familia iliyokuja harusini Uyole, au kwaya, au Mzungu aliyeshuka treni ya TAZARA akiwa njiani kwenda Malawi. Jana usiku kasikia kwamba juu ya mlima kuna ziwa, na leo anataka kuliona. Anakuja na raba za mjini, chupa ya maji ya nusu lita na simu. Kwa hiyo kumwandaa ni kazi yako, na una jioni moja tu ya kuifanya.

Nianze na Ngozi, mlima wenye hilo ziwa, kwa sababu ndiyo wengi watakayokuomba, na ndiyo iliyonifundisha.

Ilikuwa Machi. Walimu kumi na wanne. Tulikubaliana kuondoka saa 2 asubuhi, lakini chakula kilichelewa, gari likachelewa, na mimi nikaona aibu kuwahimiza watu walionizidi umri. Tukaondoka mjini saa 5 kasoro. Kufika Isongole, kuacha lami, kuingia ndani hadi mguuni pa msitu, saa 7 ikawa imepita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa tope tupu. Tulipofika ukingoni ilikuwa saa 10 kasoro. Hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa umejaa kasoko lote, yaani shimo la volkano lenye ziwa, mweupe kama maziwa kwenye bakuli. Wakasema tusubiri kidogo, utaondoka. Nikakubali, na hilo ndilo kosa langu kubwa la siku ile. Tulianza kushuka jua likiwa linazama, na chini ya miti ile giza huingia mapema kuliko barabarani. Mama mmoja aliyekuwa amevaa yeboyebo aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Tulimshusha kwa miti miwili na vitenge vitatu, vijana wa kijijini wakisaidia, tukimulikiwa na taa za simu. Tulifika kwenye gari saa 3 usiku. Yule mama hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nina saa ya kuondoka na saa ya kugeuka. Kuondoka mjini ni saa 12 na nusu asubuhi. Kugeuka ni saa 7 mchana, popote tulipo, hata kama ukingo uko hatua hamsini mbele. Na saa ya kugeuka huitangaza chini, kabla mtu hajatoa jasho, wote wakinisikia, kisha namwomba mkubwa wao airudie kwa sauti. Mtu aliyepanda kwa muda wa saa mbili kwenye utelezi hatakuelewa ukimwambia habari za kugeuka kwa mara ya kwanza akiwa karibu na juu. Akiwa alishasikia asubuhi, atanung'unika kidogo halafu atageuka.

Asubuhi pia ndipo ziwa linapoonekana. Si kila siku, lakini mara nyingi zaidi kuliko alasiri, hasa miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Mei. Juni na Julai anga huwa safi zaidi, ila baridi ya milima hii ya Uporoto itamshangaza mtu wa Dar es Salaam. Mwambie jana yake abebe sweta, na umweleze kwamba mji wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ili akianza kuhema kwenye kilima kidogo asidhani anaumwa.

Viatu vikague jioni, kwa macho yako. Usiulize "una viatu vizuri?" Kila mtu atasema ndiyo. Sema nione.

Mkishafika ukingoni, eleza unachokijua. Ni kasoko la volkano, ziwa lina urefu wa kama kilomita mbili na nusu, na hakuna mto unaotoka humo juu ya ardhi. Kilele cha mlima wenyewe kina mita 2,620 hivi. Njiani waonyeshe mianzi na migomba pori. Kuna wageni ambao hawajawahi kuona mgomba usiopandwa na mtu, na watasimama hapo kwa muda mrefu kuliko utakavyotarajia. Waache wasimame, muda wa kufanya hivyo ndio ule ulioupata kwa kuondoka mapema. Hadithi zipo nyingi: nguvu za ziwa, maji yanayobadilika rangi, hazina ya Wajerumani. Zisimulie, zina haki ya kusimuliwa, lakini tanguliza "wazee wanasema". Usichanganye hadithi na vipimo, maana mgeni akigundua moja si kweli atatilia shaka yote, hata pale unapomwambia jiwe hili linateleza.

Kuteremka hadi kwenye maji, hapana. Kuta zinasimama karibu wima. Wapo wenyeji wanaoshuka, wamezaliwa hapo. Mgeni wa siku moja asishuke, hata akikuongezea hela.

Yule mama wa yeboyebo alirudi Julai mwaka uliofuata, na buti za kuazima. Saa 4 asubuhi alikuwa ameketi ukingoni, ziwa lote la kijani chini yake. Alikaa kimya nusu saa. Sikumsemesha.

Kwa wenye nusu siku tu, msiwalazimishe Ngozi. Wapeleke barabara ya Chunya. Ukipita shamba la miti la Kawetire unapanda hadi mahali ambapo bonde la Usangu linafunguka lote chini yako, na gari linafika. Wenye miguu wanaweza kupanda kilele cha Mbeya chenye mita 2,800 na zaidi, nacho ni kizuri sana, ingawa watu wengi wa mjini wanakitazama kila siku bila kujua kwamba kinapandika. Rungwe, mita 2,960 hivi, ni siku nzima kuanzia alfajiri, na usimpeleke mtu ambaye hujawahi kumwona akitembea. Mpeleke kwanza Kawetire.

Daraja la Mungu na Kijungu, huko Kiwira, panaonekana pepesi kwa sababu hakuna kupanda. Ndipo ninapoogopa zaidi. Lava ya zamani iliganda, mto ukajipatia njia chini ya jiwe, na pale Kijungu maji yanazunguka na kuzama kwenye mwamba kama yanayomiminwa kwenye chungu. Mawe ya pembeni yana utando mwembamba wa kijani usioonekana vizuri. Watu hurudi nyuma kinyumenyume ili wapigwe picha. Simama wewe upande wa maji, wao wawe upande wa majani, na mtoto ashikwe mkono na mtu mzima wake, si na kaka yake wa miaka tisa. Kumbuka pia kwamba uko jirani na chuo cha magereza. Omba ruhusa kabla ya kamera kutoka mfukoni, na pokea jibu utakalopewa.

Kitulo ni jambo jingine kabisa, na mimi ndiko moyo wangu ulipo. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ni uwanda ulio kama mita 2,600 juu, hifadhi ya taifa tangu 2005, na ukienda kati ya Desemba na Machi unakuta maua hadi huoni pa kukanyaga. Ukienda Agosti unakuta nyasi. Mwambie mgeni hivyo kabla hajalipia gari, usisubiri aone mwenyewe. Njia ya kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona hamsini na saba, na wenye kutapika garini wakae mbele.

Maua yale msiyaeleze kama mapambo tu. Okidi nyingi zina viazi chini ya ardhi, watu huvichimba na kuvipeleka Zambia, ambako hutengenezwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Ukichimba kiazi umeua mmea. Nimeona mgeni akichuma ua moja "la kumbukumbu", wenzake kumi wakamwiga, kwa sababu mimi nilisita kumkataza wa kwanza. Kataza wa kwanza, kwa upole, na mbele ya wote.

Na msisahau kipunji. Kima huyu alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 tu, katika misitu ya Rungwe na Livingstone, baada ya kusikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa huku. Jina lake la kisayansi, Rungwecebus, limebeba jina la mlima wetu. Watu wa huku walikuwa wakimjua siku zote. Nikilisema hili mbele ya watoto wa shule za Tukuyu huona jinsi wanavyokaa wima, na ninyi mtaliona pia.

Kimondo cha Mbozi siku hizi kiko Mkoa wa Songwe, lakini wageni bado wanakiomba Mbeya. Chuma na nikeli, tani kumi na zaidi, urefu kama mita tatu. Onyesha sehemu iliyokatwa kwa msumeno, eleza kwamba hakuna shimo lililopatikana pale, na waache wakiguse. Saa moja inatosha.

Kuhusu wenyeji. Salamu kwanza, shughuli baadaye. "Ugonile" kwa Mnyakyusa, na "ndaga" ya shukrani, vitakufungulia njia ambayo hela haifungui, na mgeni wako naye mfundishe maneno hayo mawili akiwa bado garini. Kwenye misitu iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, lipa kiingilio, chukua risiti, mwonyeshe mgeni. Usipite njia ya panya ili ubaki na hela hiyo mfukoni. Mtu akivunjika mguu humo, walinzi ndio watakaokuja kukusaidia, na ni vizuri wawe wanajua mko wangapi. Viazi na parachichi nunueni kwa akina mama wa barabarani pale Isongole, na usiwapunguzie bei mbele ya wageni.

Boda za kutoka lami hadi msituni, elewaneni bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapanda, andika namba za simu za madereva wote, na hela ya kurudi uitoe mkishafika barabarani.