Jibu: MRI ya mama ni safi, mbona mguu bado umelegea?

Pole sana, dada. Umeuliza kama mama anajifanya. Hajifanyi, wala si majini kama majirani wa Likoni wanavyosema. Hii ni hali iitwayo FND: neva na ubongo havina jeraha, ila mawasiliano yake yamevurugika.

Picha ya MRI ya kawaida huonyesha umbo la ubongo, si jinsi sehemu zake zinavyowasiliana. Tafiti zilizopima mawasiliano hayo kwa makundi ya wagonjwa wa aina hii zimekuta amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu, imefungamana mno na sehemu ya kupanga mwendo. Lakini huo ni wastani wa kundi. Usilipie picha nyingine kumpima mtu mmoja.

Kipimo chenyewe ni cha kitandani, ishara ya Hoover. Mama alale chali, daktari aweke kiganja chini ya kisigino kibovu. Akiambiwa akikandamize, nguvu hamna. Akiinua mguu ule mwingine usio na tatizo huku daktari akiuzuia, kisigino kibovu chakandamiza chenyewe! Naye aelezwe alichokifanya, aone kwamba njia ya neva ipo.

Kwenye fiziotherapia, kuukodolea mguu macho huuzidisha ulegevu. Ili mawazo yatoke mguuni, ajaribu kwenda kinyumenyume, au kwa mdundo, akishikiliwa.

Uso ukipinda au ulimi ukiwa mzito ghafla, hospitali saa hiyo hiyo.