Fangasi isiyopona: pima kwanza, huenda si fangasi

Mdogo wangu, swali lako la hapa jukwaani nimelisoma mara mbili. Unasema miezi minane unahangaika na fangasi, umeweka vidonge vya ukeni mara tatu, umemeza na vya kumeza, unapata nafuu siku nne tano kisha uchafu unarudi. Kinachokuudhi zaidi ni shombo linalozidi ukishakutana na mumeo. Muwasho umesema "si sana". Hapo kwenye shombo na "si sana" ndipo nilipojiona mwenyewe. Mimi si daktari wala muuguzi. Ni mgonjwa wa siku nyingi niliyekula dawa nyingi zisizo zangu, na nakueleza kama yalivyonipata.

Yangu yalianza kwa fangasi ya kweli. Nilikuwa nimetoka kumaliza antibayotiki za tonsili, na wiki haijaisha nikaanza kuwashwa kiasi cha kushindwa kukaa kwenye kiti. Mashavu ya nje yamevimba, mekundu, mkojo ukipita unachoma, na uchafu ni mweupe, mzito, umegandana kama maziwa yaliyokatika. Harufu hamna. Nikapewa klotrimazoli ya kuweka ukeni usiku, siku sita, nikapona kabisa. Shida ni kwamba kuanzia hapo nilibaki na neno moja tu kichwani: fangasi. Chochote kilichotokea huko chini nilikiita fangasi na kununua dawa ileile. (Wengine neno lao ni UTI. Utasikia mtu ana "UTI sugu" mwaka wa tatu, ukimdadisi anatokwa na uchafu ukeni. UTI ni ya njia ya mkojo, jamani, uke haumo.)

Miezi ikapita, uchafu ukaja tena, ila haukuwa ule. Huu ulikuwa mwembamba, wa kijivujivu, unalowanisha nguo ya ndani, na unanuka shombo la samaki. Kuwashwa karibu hamna. Mtu makini angeshtuka. Mimi nikaweka klotrimazoli. Ikapoa kidogo, au nilitaka tu kuamini imepoa, kisha ikarudi. Nikaanza kujisafisha: kidole ndani, sabuni, baadaye dawa ya kuua vijidudu niliyoizimua kwenye maji ya uvuguvugu. Harufu inakata saa chache, ikirudi inakuja na nguvu mpya. Zaidi ya mwaka nimeishi hivyo, nakaa pembeni ya watu, nabeba nguo ya ndani ya akiba kwenye mkoba. Kuna mahali nilikwenda, nikatamka neno "uchafu", nikaandikiwa dawa aina tatu kabla sijamaliza kueleza. Hakuna aliyenipima.

Aliyenipima mara ya kwanza alikuwa muuguzi mtu mzima. Alichukua majimaji kwa kijiti chenye pamba, akayagusisha kwenye kijikaratasi, rangi ikabadilika. Akanieleza kwamba uke wa mwanamke anayepata hedhi kwa kawaida ni mchachu: pH yake huwa kati ya 3.8 na 4.5, kwa sababu ndani wamejaa bakteria wazuri, laktobasili, wanaotengeneza asidi ya laktiki. Fangasi huvumilia uchachu huo, kwa hiyo mwenye fangasi peke yake kijikaratasi chake mara nyingi husoma kawaida tu. Changu kilipita 4.5. Walinzi wangu walikuwa wamepungua, na bakteria wengine ambao huwa wachache walikuwa wamejaa. Hiyo ndiyo vajinosisi ya bakteria, kwenye cheti utaona imeandikwa BV. Shombo linazidi baada ya tendo kwa sababu shahawa si chachu, zikichanganyika na uchafu ule harufu inafumka. Nilipomtajia sabuni na dawa ya vijidudu alivua miwani. "Mwanangu, uke si sufuria. Haukwanguliwi. Unawaua walinzi kwanza, wale wabaya wanabaki."

Klotrimazoli inaua fangasi. Kwa BV haikuwa dawa, na nilikuwa nimeitumia mwaka mzima. Sikuwa peke yangu. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliowapima wanawake waliojinunulia wenyewe dawa ya fangasi, na waliokutwa na fangasi peke yake walikuwa kama theluthi moja. Ndiyo maana wewe na mimi hatuwezi kuhukumu kwa macho na pua tu, hata kama dalili zako zinafanana sana na zangu.

Muuguzi aliyaangalia majimaji kwenye hadubini pia, kwa sababu kuna wa tatu: trikomona. Huyu ni kidudu kinachoogelea kwa vimikia, na kinaambukizwa kwa ngono. Uchafu wake mara nyingi ni wa manjano au kijani, pengine na povu, unanuka na kuwasha, na pH hupanda kama ya BV, ndiyo maana huchanganywa nayo. Wanaume wengi wanacho na hawana dalili yoyote. Mkikutwa nacho mnatibiwa wote wawili, hamkutani mpaka wote mmemaliza dozi na dalili zimekwisha, na mwanamke hupimwa tena baada ya miezi mitatu. Usikidharau, kinaongeza uwezekano wa kupata VVU.

Basi kwa BV yangu nikaandikiwa metronidazoli, antibayotiki ya kumeza, miligramu 500 asubuhi na jioni, siku 7. Siku ya pili harufu imeanza kukata. Siku ya nne mdomo una ladha ya chuma, kichefuchefu hakiishi, na harufu haipo, nikaona nimepona, nikaacha. Wiki ya tatu shombo likarudi. Nilirudi kwa aibu, nikaambiwa nianze upya na nimeze baada ya kula. Kama tumbo linakushinda kabisa sema, usiache kimyakimya, maana ipo ya kupaka ukeni, metronidazoli ya jeli au klindamaisini ya krimu. Uliza tu kuhusu kondomu, kwa sababu baadhi ya krimu na vidonge vya ukeni vina mafuta yanayodhoofisha mpira.

Mara ya pili nilimaliza dozi yote. Baada ya miezi miwili ikarudi tena! Nililia, nakwambia ukweli. Lakini BV ndivyo ilivyo: zaidi ya nusu ya waliotibiwa hurudiwa ndani ya mwaka. Daktari niliyemwona safari hiyo ndiye aliyenitajia utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2025. Walichukua jozi 164 za wapenzi waaminifu, kundi moja wakamtibu mwanamke peke yake, jingine wakatibu wote wawili, mwanaume akimeza metronidazoli na kupaka krimu ya klindamaisini kwenye uume, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Ndani ya wiki 12, ilirudi kwa asilimia 63 ya waliotibiwa peke yao, na kwa asilimia 35 pale wote wawili walipotibiwa. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Mume wangu aliposikia apake dawa alicheka, halafu akanuna, halafu akauliza kama ninamshuku. Nilimjibu kwamba BV si ushahidi kwamba mtu amechepuka, ni bakteria tu ambao na yeye anaweza kuwa amewabeba bila kujua. Siku mbili hatukuongea vizuri, siku ya tatu akaanza dozi. Huu ni mwezi wa kumi sijaiona. Sikuahidi kwamba na wewe itakuwa hivyo, asilimia 35 si sifuri, ila ukikutwa na BV inayojirudia uliza waziwazi kuhusu mwenzi wako, kwa sababu wengi bado wanatibu mmoja.

Na ikiwa vipimo vitasema kweli ni fangasi? Basi ukirudiwa mara tatu au zaidi kwa mwaka, kuna sababu ya kutafutwa. Pima sukari. Pima VVU. Omba majimaji yaoteshwe maabara ijulikane ni fangasi wa aina gani, kwa sababu wapo wasiosikia flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza. Fangasi wanaoisikia hutibiwa kwa dawa hiyo kwa muda mrefu, mara nyingi kidonge kimoja kwa wiki kwa miezi sita, chini ya uangalizi. Kama una ujauzito au unahisi unao, flukonazoli ya kumeza usiiguse, dawa yako ni ya kuweka ukeni. BV nayo kwa mjamzito isiachwe, inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Kuna aliyekushauri hapa uweke kitunguu saumu ukeni: usiweke. Nilishaweka, kinababua. Aliyekutajia asidi ya boriki hajakosea moja kwa moja, madaktari huitumia kwa fangasi wakaidi, lakini ni sumu ikimezwa na haifai kwa mjamzito, kwa hiyo si ya kujinunulia na kubahatisha.

Kujikinga hakuna siri kubwa. Nje osha kwa maji, ndani paache. Chooni jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Usikae na nguo mbichi za jasho, usivae zinazobana kutwa nzima. Manukato, vitambaa vyenye dawa na vidonge vya "kubana" achana navyo. Antibayotiki usimeze kwa mafua. Kondomu inasaidia kwa trikomona, na hata kwa BV.

Ukiona homa, maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo au vidonda, usisubiri majibu yetu hapa, nenda leo.

Kama hayo huna, basi nenda wiki hii, ila jipange. Usiende ukiwa kwenye hedhi. Siku mbili kabla usiweke dawa yoyote ukeni, usikutane na mumeo, na tafadhali usijisafishe ndani kwa ajili ya kumwonea aibu daktari, utaosha kile anachokwenda kupima. Mwambie dawa zote ulizotumia kwa majina, hata zile za kuambiwa na rafiki. Akikuandikia bila kupima, sema kwa upole, "Naomba kwanza niangaliwe majimaji." Ukipata cheti rudi hapa utuandikie kilichoandikwa, herufi kwa herufi, hata kama mwandiko wake hausomeki, tutausoma pamoja.