Kwa nini Press Start 2P inatoka na ukungu

Mkuu, umeuliza kwa nini Press Start 2P, fonti ya mtindo wa gemu za zamani, inatoka na ukungu kwenye bango lako la mashindano ya gemu, na kama unaweza kuandikia maelezo yote kwa fonti hiyo. Fonti haina tatizo, tatizo ni saizi ya pikseli 20 uliyoweka. Press Start 2P imechorwa kwenye gridi ya pikseli 8 kwa 8, ikifuata herufi za gemu za kampuni ya Namco za miaka ya 1980. Ukiiweka 8, 16, 24 au 32, kila mraba unakaa sawasawa juu ya pikseli za skrini. Ukiweka 20, kingo zinaangukia katikati ya pikseli, na kompyuta inaziba mwanya kwa rangi ya kijivu. Huo ndio ukungu unaouona.

Bango la kuchapisha ni habari nyingine. Ukilitoa kama PDF na maandishi yakabaki maandishi, saizi yoyote inatoka kali. Ila ukilihifadhi kama picha ndogo kisha ulikuze, chagua "Nearest Neighbor" (njia ya kukuza picha bila kuchanganya rangi za pikseli), la sivyo umerudi kulekule.

Kuhusu kuandika maelezo yote ya mashindano kwa Press Start 2P: mimi nisingethubutu. Herufi zote zina upana mmoja, hata "i" inachukua nafasi ya "m", na maneno yetu marefu kama "watakaoshiriki" yatakula mstari mzima. Iache kwenye kichwa na alama za wachezaji. Kwa maelezo jaribu fonti ya VT323, iliyotokana na herufi za kompyuta-teminali ya DEC VT320. Ni nyembamba na inasomeka.

Leseni isikuumize kichwa. Fonti zote mbili ni huru, hata kwa kazi ya kulipwa.